Ulimi wa Mzee Kwepa

Waliopita nje ya ukumbi ule walidhani ndani hakuna mtu. Zamani lilikuwa ghala la magodoro, na mwenye ghala alipohama aliacha kuta zote zimebandikwa vipande vya sponji, kuanzia sakafuni hadi darini. Sauti humo haikwenda popote. Ukipiga kelele, kelele inakufia mdomoni. Ukipiga makofi, unabaki na mikono yako tu. Hili lisemwe mapema, kwa sababu baadaye wapo wajuaji waliodai kwamba kilichosikika humo kilikuwa mwangwi. Mwangwi gani? Ukumbi ule haukuwa na mwangwi hata wa kuazima.

Humo ndimo Bi Nyundo alimofundishia ndondi zaidi ya nusu ya maisha yake, yeye na mumewe. Yeye alifundisha kushambulia, mume alifundisha kujilinda. Jina la Nyundo alipewa ujanani kwa ajili ya mkono wake wa kulia, na hata alipoota mvi na goti moja likaanza kumsumbua, ukimshikia kizembe pedi, zile za mkononi za kupokelea ngumi, ulirudi nyumbani mkono umekufa ganzi. Mumewe aliitwa Mzee Kwepa tangu hajawa mzee. Alipokuwa bondia hakushinda mapambano mengi, lakini pia hakuna aliyewahi kumpata sawasawa. Watazamaji walimzomea wakimtaka asimame apigane, naye alishuka ulingoni na uso ule ule aliopanda nao. Bi Nyundo alimpendea uso huo. Alisema mbele za wageni, bila haya, kwamba hakuona sababu ya kuolewa na mwanamume mwenye pua iliyokaa shavuni.

Kazi waliigawana kama watu wanaogawana kitanda, kila mmoja na upande wake. Mwanafunzi alisimama katikati. Bi Nyundo alisimama kuliani kwake na pedi zake, Mzee Kwepa kushotoni na zake. Bi Nyundo aliita ngumi, "Moja! Moja-mbili! Mbavu!" na mwanafunzi akapiga. Katikati ya kupiga huko, Mzee alimrushia pedi kutoka kushoto, na mwanafunzi sharti akwepe bila kuacha kupiga. Hakuna aliyevuka mstari wa mwenzake. Mume akithubutu kusema neno juu ya ngumi, mke alimwuliza, "Leo umehamia kwangu?" Mke akitia mdomo kwenye mambo ya kukwepa, mume alikunja mikono na kutazama dari mpaka amalize. Ndiyo maana katika miaka yote ile Bi Nyundo hakuwahi kumtazama mwanafunzi hata mmoja kutoka upande wa kushoto. Hakuona haja. Kushoto kulikuwa na mwenyewe.

Mzee naye alikuwa na namna yake ya kufundisha, ambayo hakuna kocha mwingine aliyekuwa nayo. Hakusema "kwepa" wala "inama." Kabla ya kurusha pedi aligonga ulimi kwenye kaakaa, tak, mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika, na papo hapo pedi ikaja. Mwanafunzi mpya alizoea kusogeza kichwa kwa mlio ule. Wiki zilipita, kichwa kikawa kinasogea chenyewe, mwanafunzi hana habari. Kisha siku moja, bila kumwambia mtu, Mzee alinyamaza. Pedi ilikuja kimyakimya, na mwanafunzi aidha aliiona akakwepa, au ilimlamba shavu akatia akili. Mlio ni wa kuazima, alisema Mzee, jicho ndilo la kwako. Somo la kunyamaza ndilo lilikuwa la mwisho, na aliyelivuka ndiye aliyeruhusiwa kupanda ulingoni.

Mwanafunzi wao wa mwisho alikuwa mtoto wa dada yake mdogo Bi Nyundo. Watu walimwita Msusi kwa sababu mchana alisuka nywele kwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, na jioni alikuja na vidole vikinukia mafuta ya nywele, akavifunga bendeji na kuvaa glavu. Alikuwa na ngumi za mama yake mkubwa na ubishi wa ukoo mzima. Bi Nyundo alimpenda kwa namna aliyoificha kwa kumfokea. Kwa Msusi, aliamini, ukumbi ule wa sponji ungepata mkanda wake wa kwanza wa ubingwa, nao ungetundikwa juu ya mlango, na yeye angekufa roho yake nyeupe.

Jambo moja tu lilimshangaza. Miezi ilipita na Mzee hakunyamaza kwa Msusi. Aliendelea kumgongea ulimi, tak, tak, hata baada ya binti kushinda pambano lake kubwa la mwisho, lile ambalo Bi Nyundo alisimama kwenye kona ya ulingo akipiga kelele mpaka sauti ikakauka, "Usirudi nyuma! Mfuate! Usirudi!" Aliona ni mapenzi ya mzee kwa mtoto, akamtania kwamba anamlea bondia kama yai. Mzee alicheka kidogo. Alipenda kujibu kwa kicheko kila alipokuwa na jambo la kusema.

Akafa mchana wa saa sita, amekaa kwenye benchi, anakunja bendeji. Mkunjo haukwisha. Bi Nyundo alirudi kutoka kununua mkate akamkuta ameinama kidogo kuliani, kama anayekwepa kitu kilichotoka kushoto, na safari hiyo hakuwahi.

*

Baada ya msiba alifunga ukumbi kwa kufuli na kusema basi. Lakini pambano la mkanda lilikuwa limekwisha pangwa, katika uwanja wa mji mwingine, na Msusi alikuja mlangoni kwake kila siku kama mdai.

"Mama mkubwa, fungua."

"Nani atakaa kushoto?"

"Wewe fungua tu."

Alifungua. Walifagia, wakapangusa vumbi kwenye mifuko ya kupigia, wakaacha pedi za Mzee zikining'inia kwenye msumari wake. Bi Nyundo alivaa zake, akasimama kuliani kwa mazoea. Aliita ngumi kwa sauti ya chini. Msusi akapiga moja, akapiga moja-mbili, na alipokuwa anazungusha mkono wa tatu, ukatoka mlio kushoto.

Tak.

Kichwa cha Msusi kilishuka na kupanda, kizuri, chepesi, kama siku zote. Ngumi yake ikatua kwenye pedi. Misuko yake ilipeperuka, na Bi Nyundo aliona vizuri kabisa kwamba haikupeperuka kwa kuinama, bali ilisukumwa kuelekea kuliani, kama kitu kimepita juu yake kwa kasi.

Pedi zilimshuka mikononi. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Palikuwa na sakafu, ukuta wa sponji, na mwanga wa saa kumi ukiingia kwenye tundu la feni.

"Umesikia?" aliuliza.

Msusi alikuwa anahema. Hakugeuka. "Tuendelee, mama mkubwa," alisema.

Na wakaendelea. Ukitaka kumjua Bi Nyundo, mjue hapo. Mwanamke mwingine angetoka mbio na kanga mkononi. Yeye nywele zilimsimama shingoni, na bado aliinua pedi zake na kuita, "Mbili! Mbavu!" kwa sababu mtu akiita, huenda yule mwingine akajibu. Akajibu. Kila Msusi alipojiacha wazi upande wa kushoto, ulimi uligonga, na kila ulipogonga kichwa kilisogea. Bi Nyundo aliogopa kama hajawahi kuogopa. Kisha, aibu iliyoje, akafurahi. Alipofunga mlango jioni ile alisimama nje akashika kufuli kwa mikono yote miwili na kulia, na hakikuwa kilio cha msiba.

Hawakulizungumza. Katika nyumba nyingine lingezungumzwa, wangeitwa watu wa kuombea, ukumbi ungefukizwa. Hawa wawili waliliacha likae kama mgeni ambaye hujui amekuja kwa nini lakini unaogopa kumwuliza asije akaondoka. Bi Nyundo alianza kuja mapema. Alisafisha upande wa kushoto kwanza, na kuzungumza huku akisafisha: goti limezidi, jirani amejenga ukuta, dada yako ameulizia suruali zako. Hakujibiwa. Alipiga mfuko mwenyewe, mchana kutwa, hakusikia kitu. Alimwita jirani, kijana mwenye nguvu, akamfanyisha mazoezi mpaka akatapika. Kimya. Mlio ulikuja kwa Msusi tu, ndani ya ukumbi ule tu, kutoka kushoto tu.

Hilo lilimchoma. Ameishi naye miaka yote ile, amemfulia, amemuuguza, amemzika, na yeye anarudi kwa mtoto wa mtu! Asubuhi moja alichukua pedi za mumewe kutoka kwenye msumari, kwa hasira, akaingiza mkono ndani. Zilikuwa na unyevu. Si unyevu wa ukungu, ni jasho, vuguvugu, pedi za mtu aliyezivua sasa hivi. Alizirudisha msumarini taratibu na kwenda kukaa benchi. Hakuwa na hasira tena siku hiyo.

Akaongeza mazoezi. Alimwambia Msusi pambano linakaribia, lazima wajifue. Ilikuwa kweli, lakini kweli kubwa zaidi ni kwamba kila raundi aliyoongeza ilimletea mumewe kwa dakika chache zaidi.

*

Chai ndiyo iliyotoboa mambo.

Walikuwa wamekaa uani nyuma ya ukumbi, Bi Nyundo kwenye ndoo iliyopinduliwa, Msusi kwenye kigoda. Msusi alishika chupa ya chai na kumimina. Chai ilipita kando ya kikombe ikatiririka mezani. Akasogeza chupa kidogo, akaupata ukingo, akacheka na kusema mikono imechoka. Bi Nyundo naye akacheka. Lakini ilikuwa mara ya ngapi? Alikumbuka kwamba binti siku hizi hugusa kikombe kwa kidole kabla ya kumimina. Akakumbuka pia kwamba kibandani kwake amehamisha kiti cha wateja, akakaa ukuta ukiwa kushotoni mwake, asiweze kujiwa na mtu upande huo.

Mezani palikuwa na bendeji iliyokunjwa. Bi Nyundo aliinuka kama anayetaka kunyoosha goti, akapita nyuma ya binti, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumfundisha alisimama upande wake wa kushoto. Akarusha bendeji polepole, kama unavyomrushia mtoto.

Iligonga sikio la Msusi na kuanguka. Binti alishtuka mwili mzima, akageuza kichwa chote, mpaka jicho la kulia lilipomfikia mama mkubwa huyu wa ngumi aliyesimama mkono hewani.

"Aa, mama mkubwa! Umenishtua."

"Pole," alisema Bi Nyundo. "Nilidhani unaiona."

Jicho la kushoto lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa, halina kovu. Lilimtazama Bi Nyundo bila kumtazama.

Aliokota bendeji, akaikunja upya. Hapa ndipo kila anayempenda mwanamke huyu anapotamani asimulie haraka apite, lakini haipitiki. Alijua. Alijua kwamba mtoto wa dada yake hana jicho la kushoto, na kwamba ngumi ambayo bondia haioni ndiyo inayomlaza asiamke. Alijua pia kwamba akilitamka hilo, mazoezi yatakwisha, na mazoezi yakiisha hatausikia tena ule ulimi. Akajipa moyo. Akajiambia kwamba mume wake amerudi kwa ajili hiyo hiyo, kumwonea binti, na kama anaweza kumwonea hapa anaweza kumwonea popote. Siku iliyofuata alifungua ukumbi kama kawaida, akavaa pedi, akasimama kuliani, na kuita ngumi.

Siku ile promota, mwandaaji wa pambano, alikuja kukagua mali yake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alileta habari za mpinzani: mwanamke mrefu, mkono wake wa kulia unatoka kama mlango uliopigwa na upepo, wawili wa mwisho waliopigana naye walibebwa. Alilisema hilo kwa furaha. Daktari wake, aliongeza, hana matata, anapima mapigo ya moyo na kuuliza kama umelala vizuri, basi.

"Mkono wa kulia," alirudia Bi Nyundo. Mkono wa kulia wa mpinzani hutua upande wa kushoto wa anayepigwa. Hilo hata mtoto wa ndondi analijua.

"Hebu nimwone binti," alisema promota.

Msusi alipiga, Bi Nyundo alishika. Tak, akashuka. Tak, akarudi nyuma nusu hatua. Promota alianza kwa kutikisa kichwa akitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Alivua miwani. Alitazama upande wa kushoto, akamtazama binti, akatazama tena kushoto.

"Anakwepa nini?" aliuliza.

Msusi aliendelea kupiga.

"Bibi, nakuuliza. Hapo pana nini?"

"Wewe husikii kitu?"

"Nisikie nini?" Alikuwa amekwisha kushika kitasa. "Ukumbi huu baridi bwana, utadhani mochwari. Tutaonana uwanjani." Akatoka bila kufunga mlango, na walimsikia akijikwaa kwenye ngazi.

Msusi alicheka sana. Bi Nyundo hakucheka. Kwa hiyo ni wao wawili tu, katika dunia nzima, waliousikia ulimi ule, na hata wao waliusikia humu ndani tu. Alitazama mlango uliobaki wazi. Nje, hatua chache tu, barabara ilikuwa na jua, honi na watu. Akaona kitu ambacho alikuwa amekataa kukiona.

"Twende nje," alisema.

"Nje wapi?"

"Uani. Vaa glavu."

Walisimama kwenye vumbi la uani, mchana kweupe. Bi Nyundo aliita, Msusi akapiga. Akajiacha wazi kushoto. Akajiacha wazi tena. Hakuna kilichogonga. Palikuwa na kuku wa jirani na redio ya mtu.

"Basi," alisema Bi Nyundo. "Kaa chini. Jicho limekufa lini?"

Msusi alikaa kwenye ndoo na glavu zake mapajani. Kwanza alikana. Kisha akakasirika. Mwisho akasema. Ni lile pambano alilolishinda. Ngumi ilimwingia raundi ya nne, akataka kurudi nyuma kupumzika, na kutoka kwenye kona alisikia sauti ikimwambia asirudi. Akamfuata mwenzake, akashinda, na asubuhi kulikuwa na pazia jicho la kushoto. Pazia likashuka siku kwa siku.

"Baba mkubwa alijua?"

"Aliona yeye. Si alikuwa anakaa huku? Akanipeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema nisipande ulingo tena maisha."

"Na hakuniambia?"

"Nilimwomba. Nilimpigia magoti, mama mkubwa. Akasema nawe umeutaka huo mkanda mpaka unauota, hajui aanzie wapi. Alisema atakwambia. Kila siku alisema kesho atakwambia."

Kwepa. Mtu aliyekwepa kila ngumi iliyowahi kurushwa katika mji ule, akakwepa na hili. Badala ya kumwambia mkewe neno moja, alisimama kushoto kila jioni akamwonea binti kwa ulimi wake, kwa sababu hicho ndicho alichojua kukifanya. Na kesho yake haikufika. Bi Nyundo alihisi moyo wake umeshikwa na mkono mtupu na kukamuliwa. Alimkasirikia, akamhurumia, na ile sauti ya kwenye kona, "Usirudi nyuma!", ikamrudia masikioni, na ilikuwa yake.

"Hupigani," alisema.

"Napigana." Msusi alisimama. "Atakuja. Mbona anakuja hapa? Umemsikia mwenyewe, usijifanye. Hawezi kuniacha peke yangu uwanjani."

"Hapa uani hakuja."

"Kwa sababu wewe hukutaka kunirushia ngumi ya kweli! Anakuja kwenye hatari. Atakuja, mama mkubwa. Wewe hutaki aje?"

Swali hilo lilimkata kuliko yote. Maana alitaka. Hakuna alichokitaka zaidi duniani.

*

Hakulala vizuri, na asubuhi alifika ukumbini kabla ya binti. Alisimama upande wa kushoto. Palikuwa na sehemu mbili sakafuni ambazo mbao zilikuwa zimelika, nyayo za mumewe, miaka mingi ya kusimama mahali pamoja. Alichukua pedi kwenye msumari. Zilikuwa vuguvugu, kama alivyojua zitakuwa. Alizivaa, na viganja vyake vilizama ndani ya viganja vya mtu mwingine.

Msusi alipoingia alimkuta hapo, akasita.

"Leo nani kuliani?"

"Hakuna. Piga mfuko. Mimi niko huku."

"Unataka kunipima."

"Ndiyo. Ukizikwepa zote, nitakwenda nawe uwanjani na sitasema neno. Nakuapia."

Binti alifurahi. Alikuwa na hakika. Alianza kupiga mfuko, mnyororo ukalia, vumbi likapanda. Bi Nyundo alisubiri mpaka binti alipojiacha wazi, akainua mkono.

Tak. Mlio ulitoka karibu kabisa na shavu lake mwenyewe, alipo mdomo wa mwanamume anayesimama bega kwa bega na mkewe. Aliuhisi upepo wake. Msusi alishuka, pedi ikapita hewani, binti akapaza sauti ya ushindi, "Umeona! Umeona, mama mkubwa!"

"Endelea kupiga," alisema Bi Nyundo, na sauti yake haikuwa yake.

Kisha aligeuza uso kando kidogo, kuelekea mahali ule upepo ulipotoka, na kusema kwa sauti ya chini, ile wanayotumia watu waliolala kitanda kimoja muda mrefu.

"Baba, sikiliza. Mtoto huyu hukumaliza kumfundisha. Wengine wote uliwanyamazia, huyu ukamwonea huruma. Na mimi nimekuacha uendelee kwa sababu nilikuwa nakukumbuka, nimekosa. Uwanjani hutafika, mimi na wewe tunajua. Atasimama pale akikusubiri, na watamwua akikusubiri. Mpe somo la mwisho. Nyamaza."

Mfuko ulilia. Msusi hakusikia, alikuwa anapiga kama mwenye karamu.

"Nyamaza, mume wangu," alisema tena. "Na usiniage. Ukiniaga nitashindwa."

Alimwona binti akizungusha mkono wa kulia, ubavu wazi, shavu wazi, jicho zuri jeusi likitazama mahali ambapo hakuna kitu. Aliinua pedi. Hakuirusha polepole, kwa sababu polepole ingekuwa uongo. Aliirusha kama Nyundo. Na katika ule muda mfupi kabla haijafika, alitega sikio kwa nguvu zake zote, akiomba kwa nusu ya moyo kwamba ile tak isikike, na kwa nusu nyingine kwamba isisikike.

Haikusikika.

Pedi ilitua shavuni kwa Msusi na kumpeleka chini, goti moja, kisha mikono. Alibaki hivyo, kichwa kimeinama, misuko imemwangukia usoni. Hakugeuka kutazama kilichompiga. Aligeuza kichwa kushoto, kushoto zaidi, akisikiliza.

"Baba mkubwa?" aliita.

Sponji ililimeza jina.

"Baba mkubwa!"

Bi Nyundo alipiga magoti, lile bovu na lile zima, akamkumbatia akiwa bado na pedi mikononi. Zilikuwa zimepoa. Aliuhisi ubaridi wake ukipanda mpaka kwenye viwiko, ubaridi wa kitu kilichotundikwa muda mrefu bila kuvaliwa. Binti alilia kama walivyolia siku ya kuzika, na zaidi. "Sikuiona, mama mkubwa," alisema. "Sikuiona kabisa." Mama yake mkubwa alimwambia anajua, anajua, akamwacha alie.

Promota alitukana kwenye simu, akatafuta mwingine. Juu ya mlango wa ukumbi hakujatundikwa kitu mpaka leo. Msusi bado anasuka mchana, na jioni anashika pedi upande wa kulia, maana ngumi anazijua kuliko mtu yeyote na wanafunzi wanamwogopa kuliko walivyomwogopa mama yake mkubwa. Upande wa kushoto anasimama Bi Nyundo, kwenye zile mbao zilizolika. Ilimchukua muda kujifunza kugonga ulimi, mwanzoni ulitoka kama wa mtu anayeita kuku, na wanafunzi walimcheka. Sasa anaupata.

Anawagongea wiki kadhaa, kama ilivyokuwa. Halafu inafika siku ya kunyamaza. Siku hiyo Bi Nyundo huinua pedi na kuiacha hewani muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mpaka mwanafunzi anageuka kumtazama kulikoni. Msusi huko kuliani huacha kuita ngumi, naye akasubiri. Hawamwambii mwanafunzi wanasikiliza nini.